Upande Yanakokaa Maneno ya Araba

Mji mzima wa Saltpond, pwani ya Ghana, ulijua kwamba mhubiri akitaka kumaliza mahubiri yake bila kukatizwa, basi asivute pumzi mbele ya Araba Essilfie.

Haukuwa utovu wa adabu. Katika makanisa ya Kimethodisti ya Wafante, mhubiri akifika mahali pazito akanyamaza kidogo, mama mmoja huanzisha wimbo palepale alipoketi. Wimbo wenyewe haumo kitabuni. Anautunga papo hapo kutokana na yaliyohubiriwa, na kanisa zima humwitikia. Wenyewe huuita ebibindwom. Mhubiri mwenye busara husubiri mpaka wamalize, akichezesha mabega kidogo, kisha huendelea pale alipoachia. Kazi hiyo bibi yake Araba aliifanya mpaka meno yakamwisha, na Araba akaipokea kungali mapema, kabla hata hajaolewa. Shule aliachia darasani mwa watoto wadogo. Biblia aliijua kwa masikio. Mhubiri akisema kwamba Hajiri ameishiwa maji jangwani, halafu akameza mate, Araba alikuwa ameshafika:

"Mtoto analia chini ya kichaka,
mama amegeuza uso asimwone;
Bwana, kisima umekificha wapi?"

Na kanisa: "Kipo, kipo! Inua macho, kipo!"

Siku nyingine za wiki alipika kenke pamoja na binti yake Ewuradwoa. Walichachusha mahindi, wakasonga unga kwa mwiko mrefu, wakafunga madonge kwa majani makavu ya mgomba na kuyapanga kwenye pipa la kuchemshia. Mume wake alikwisha kufariki. Hakuwa mtu wa makuu. Ukimuuliza Mungu amempa nini, angekwambia: "Amenipa unga usioniangusha, mtoto asiyenitukana, na maneno." Hayo maneno aliyataja mwisho kama kitu kidogo, lakini aliyemjua alijua kwamba kama angeambiwa achague, unga ungetangulia kwenda.

Ugonjwa ulimwanzia kanisani. Mhubiri alinyamaza, watu wakageuza shingo kumwelekea kama kawaida yao, Araba akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Shavu lake la kushoto lilianza kurukaruka kama lina mdudu ndani. Maneno aliyaona, alisimulia baadaye, ila yalikuwa kama watu walio ng'ambo ya mto, wanapunga mikono na hakuna mtumbwi. Halafu yakarudi. Mhubiri alikuwa ameshaendelea.

Watu walisema ni uchovu. Lilipomtokea tena, akiwa anamhudumia mteja, na mara nyingine, akiwa katikati ya kumkaripia mbuzi wa jirani, Wofa Bentsil alisema basi. Huyu alikuwa kaka wa marehemu mama yake, seremala mzee, na kwa desturi ya Wafante mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, hata kama watoto wenyewe wana mvi.

"Mtu wa kumkaripia mbuzi akanyamaza katikati," alisema Wofa, "huyo si mchovu. Huyo anaumwa. Vaa viatu."

Hospitali ya Cape Coast ikawaelekeza Accra, na Accra, katika hospitali kubwa, wakaona uvimbe ndani ya ubongo, upande wa kulia, sehemu ya mbele, kama yai la kanga. Araba alipewa vidonge vya kuzuia kule kukwama, akalazwa. Daktari wa upasuaji aliitwa Laryea, mtu mpana, mwenye maneno machache na viganja vya kupendeza.

"Mkono gani unaoandikia, Maame?"

"Wa kulia, Dokta. Nikiandika."

"Na wa kushikia mwiko?"

"Mwiko wa kenke unashikwa kwa mikono yote, Dokta. Ukiushika kwa mmoja utatumbukia mwenyewe."

Dokta Laryea alitabasamu kidogo. Akawaeleza kwamba watu walio wengi, maneno yao hutawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo, na wanaotumia mkono wa kulia karibu wote ni hivyo. Uvimbe wa Araba uko kulia. Kwa hiyo angeweza kukata kwa nafasi, na kuzidisha kidogo pembeni ili usiote tena.

"Ataongea?" aliuliza Ewuradwoa.

"Ataongea."

"Ataimba?"

"Kwa nini asiimbe?"

Hapo ndipo alipoingia Dokta Maanan Ntsiful. Huyu hakuwa wa kupasua. Alikuwa mwanamke wa Anomabo, mwembamba, wa chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa utafiti: kuchunguza maneno yanakaa upande gani kwa watu wa kwao. Karibu yote yaliyoandikwa juu ya jambo hilo, alisema, yalitokana na vichwa vya wanafunzi wa Kizungu. Aliwaomba wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa wapigwe picha kwenye mashine ya sumaku huku wakifikiri, na picha zile alimpa pia daktari wa upasuaji zimsaidie. Alizungumza Kifante kilekile cha Araba, pamoja na kule kuburuta mwisho wa sentensi, na hilo peke yake lilimfanya Araba akubali.

"Utalala ndani ya mashine, Maame. Juu ya macho yako kuna kioo, utaona picha za vitu. Kila picha, litaje jina lake moyoni, usitikise ulimi. Ukishalipata, bonyeza hiki kitufe kwa dole gumba. Picha zikizima, pumzika. Usifanye lolote. Tumeelewana?"

"Kutaja, kubonyeza, kupumzika."

"Hasa."

Fundi wa mashine, Bwana Agbeko, alimpa kitufe mkono wa kulia, kisha akambandika kidonge cha mafuta ya samaki kwenye kipaji cha uso, upande huohuo wa kulia.

"Hiki nimeze?"

"Hapana, Maame. Kitang'aa kwenye picha. Hapo hakuna mtu atakayebisha kulia ni wapi."

"Yesu wangu! Kwani huwa mnabishana?"

"Picha huweza kugeuzwa kama shati, Maame. Ukiivaa kinyume hujui mpaka utafute vifungo."

Mashine ilipoanza, Araba aliogopa kwa muda mfupi tu. Ilikuwa inapiga. Du-du-du, du-du-du, bila kuchoka, kama vijana wa ngoma kanisani siku ya mavuno. Kwenye kioo ilitokea picha ya ufagio, akautaja na kubonyeza. Mbuzi, akabonyeza. Ngazi. Ndoo. Sindano. Kisha kioo kikazima, pakawa giza, na ile ngoma ikaendelea kupiga peke yake.

Sasa, mtu akikaa umri wake wote akisubiri mwenzake anyamaze ili yeye aingie, huwezi kumwambia kimya kikija akae tu. Araba hakuamua. Wimbo ulijianza wenyewe moyoni, juu ya Yona tumboni mwa samaki, kwa kuwa hata yeye alikuwa amemezwa, na mashine ilikuwa inaitikia vizuri sana. Picha ziliporudi aliuacha, akataja, akabonyeza. Zilipozima aliuokota. Ulimi hakuutikisa. Alitoka mle ndani amefurahi, na Yona alikuwa ameshatapikwa ufukweni.

"Umepumzika vizuri picha zilipozima?" aliuliza Dokta Ntsiful.

"Vizuri sana, binti yangu."

Na alimaanisha. Kwake kuimba kulikuwa ndiko kupumzika.

Picha zilipokuwa tayari, palionekana doa moja jekundu, upande wa kushoto. Upande wa kulia ulikuwa kijivu tu, na uvimbe wake. Dokta Laryea alifurahi, akasema ndivyo alivyotarajia, akapanga siku ya upasuaji. Wofa Bentsil alipewa habari kwa simu, akaanza safari ya kuja Accra na kanzu yake ya heshima ndani ya mfuko wa plastiki.

Lakini Dokta Ntsiful hakutulia. Alikuja wodini, akavuta kiti akakaa karibu na kitanda. Ewuradwoa alikuwa anamsuka mama yake nywele, mistari mikubwa tu, kwa kuwa zingenyolewa.

"Maame, nina shida kidogo na picha yako."

"Imeharibika?"

"Nzuri mno. Kila kitu upande mmoja, doa moja, halafu limekaa juu mno. Pale lilipo ndipo panapotawala mkono wa kulia."

"Si nilikuwa nabonyeza?"

"Ulikuwa unabonyeza, ndiyo. Kwa hiyo naona dole gumba lako. Maneno siyaoni. Na kila ukikwama, shavu la kushoto linaruka na maneno yanapotea, na shavu la kushoto linatawaliwa na upande wa kulia, kulekule kwenye uvimbe. Hebu niambie kila ulichofanya mle ndani. Kila kitu."

"Nilitaja. Nilibonyeza."

"Na picha zilipozima?"

Araba aliangalia shuka. Alikuwa ameambiwa asifanye lolote, naye alikuwa amejibu kwamba alipumzika vizuri. Alijua jinsi hospitali zilivyo. Mtu asiyefuata maagizo huambiwa arudi kwao.

"Nilitulia," alisema.

Ewuradwoa aliacha kusuka. "Mama? Kutulia?"

"Wewe suka."

"Dokta, huyu alimkatiza askofu. Askofu alikuja na gari na mlinzi, akanywa maji katikati ya mahubiri, kuweka glasi chini akakuta kanisa zima limesimama linaimba. Mama yangu huyu."

"Askofu alifurahi," alisema Araba.

"Askofu alisahau alipofika!"

Dokta Ntsiful alicheka, halafu akaacha kucheka. "Maame Araba. Mle ndani, mashine inapiga vile... uliimba?"

Araba alivuta ncha ya shuka.

"Ulimi sikuutikisa," alisema. "Naapa. Moyoni tu. Juu ya Yona. Usinirudishe nyumbani, binti yangu. Kama ni kosa, nisamehe."

"Nikurudishe wapi? Tena ulitunga? Maneno mapya?"

"Ya zamani yanafaa nini? Sijawahi kumezwa kabla."

Daktari aliinamisha kichwa, akasugua macho. Kisha akaeleza, na alieleza kwa namna ambayo mama na mtoto walielewa.

"Ukitaka kujua uzito wa unga ulio kwenye beseni, unafanyaje?"

"Nalipima beseni tupu kwanza," alisema Araba. "Kisha na unga. Natoa."

"Mashine nayo ni hivyohivyo. Ubongo hauzimi kamwe, damu inakwenda kila mahali wakati wote. Kwa hiyo tunaupiga picha wakati wa kazi, tunaupiga wakati wa kupumzika, tunatoa. Kinachobaki ndicho tunachokipaka rangi. Lile doa jekundu si taa iliyowaka, Maame. Ni kilichobaki baada ya kutoa. Sasa kama beseni langu la kupumzikia limejaa unga—"

"Unatoa unga kwa unga," alisema Araba taratibu.

"Nabaki na nini?"

"Na dole gumba."

Ewuradwoa alishika mdomo. Kesho kutwa wangemkata Araba kwa nafasi, na kuzidisha kidogo pembeni.

Dokta Laryea aliambiwa, akaja mwenyewe. Hakupenda. Walizungumza mlangoni, yeye na Dokta Ntsiful, na kwa kuwa walijisahau wakapandisha sauti, wodi ilisikia.

"Juzi umeniambia kushoto. Leo unaniambia hujui."

"Juzi nilikuambia doa liko kushoto. Kwamba maneno yapo kushoto ulisema wewe."

"Na kulia pamekuwa kijivu, Maanan. Kijivu."

"Kijivu maana yake sikuona tofauti. Haina maana kwamba hapana mtu. Ukipita nyumbani kwa mtu usisikie sauti, utaibomoa?"

Dokta Laryea alishusha sauti. Halafu akasema, "Mpige tena. Nitaahirisha."

Hapo tabu ikaanza, kwa sababu Araba alipaswa kujifunza kunyamaza. Nje alijua, ni ndani ndiko alikokuwa hajawahi. Walijaribu wodini. Dokta Ntsiful alimwonyesha picha za gazeti, halafu akafunika kwa kiganja, na Araba alipaswa kukaa patupu.

"Umewaza nini?"

"Nimejiambia, Araba, usiimbe."

"Hayo nayo ni maneno, Maame."

Walijaribu tena.

"Sasa?"

"Nilikuwa nahesabu pumzi."

"Kuhesabu ni maneno."

"Mungu wangu, kuna kitu gani kisicho maneno?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama aliyevunjika nyonga na ambaye hakuombwa maoni, alisema, "Mume wangu. Ukimkalisha anakaa hivyo mpaka jioni. Mwiteni awafundishe."

Walicheka mpaka nesi akaja. Hatimaye ni Ewuradwoa aliyepata njia. Alimwambia mama yake asijikataze kitu, ila ajione amefunua pipa la kenke na ule mvuke unampiga usoni. Joto tu, na harufu ya majani. Hakuna mtu anayesema mbele ya mvuke, maana utamuunguza mdomo. Araba alifumba macho. Alipofumbua alikuwa na sura ya mtu aliyeamka.

"Hapakuwa na neno," alisema kwa mshangao. Aliongeza kwa sauti ndogo, "Hata Bwana sikumtaja. Sijui kama ni vizuri."

"Atakuelewa," alisema Dokta Ntsiful.

Mara ya pili hawakumpa kitufe. Bwana Agbeko alimbandika kidonge chake kwenye kipaji, upande uleule wa kulia. Mashine ikapiga. Mbuzi, ndoo, sindano, na giza lilipokuja Araba alifunua pipa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusonga unga. Wimbo ulimjia mlangoni mara nyingi, akauachia mvuke.

Picha ya mara hii Dokta Ntsiful aliileta wote waione, na Wofa Bentsil alikuwa ameshafika, amevaa ile kanzu. Kidonge kiling'aa kama jicho la paka. Upande uleule wa kidonge, pembezoni mwa uvimbe kabisa, palikuwa na doa kubwa jekundu. Upande wa pili palikuwa na chembe tu.

"Mimi nimekuwa wa kinyume?" aliuliza Araba.

"Wapo watu hivyo, wachache. Na uvimbe wako umekua polepole miaka mingi. Huenda ulizaliwa hivi, huenda maneno yalihama. Picha haiwezi kuniambia."

"Basi inaweza nini?" alisema Wofa Bentsil. "Jana kushoto, leo kulia. Hata fundi mwanafunzi hapimi ubao hivyo."

Alijibu Dokta Laryea, aliyekuwa amesimama nyuma ameikunja mikono. "Nana, mzee wangu, hata hii ya leo sitaiamini peke yake. Inaniambia maneno yake yanapita hapo. Haiwezi kuniambia nikigusa hapo yatakatika au yatapata njia nyingine. Hilo nitalijua kwa kumuuliza mwenyewe."

"Kumuuliza lini?"

"Wakati nakata."

Alieleza. Wangemlaza usingizi mwanzoni, wakishafungua fuvu wangemwamsha. Ubongo wenyewe hauna maumivu. Araba angeongea, naye daktari angegusa kwa umeme mdogo sehemu moja baada ya nyingine kabla ya kukata. Maneno yakikwama, hapo hapakatwi. Lakini kwa namna hiyo huenda uvimbe usitoke wote, na kilichobaki kinaweza kukua tena baada ya miaka. Njia nyingine ni kulala usingizi moja kwa moja, kuondoa wote, na kumwachia Mungu upande wa maneno.

Wofa Bentsil alikuwa amesimama. "Kichwa wazi, na mtu anazungumza! Nimetengeneza majeneza tangu ujana wangu, sijaona. Araba, sikiliza. Mimi ndiye nitakayemjibu marehemu mama yako. Ulale, watoe chote. Mtu mzima asiye na maneno ni bora kuliko maiti mwenye nyimbo."

Ewuradwoa alianza kulia kimyakimya.

Araba hakujibu upesi. Mjomba hajibiwi upesi. Alijishika kichwa upande wa kulia, akakibonyeza kama mtu anayepima papai.

"Wofa, naomba kusema."

"Sema."

"Wakitoa chote nikaamka sina neno, nitaombaje?"

"Mungu anasikia moyoni."

"Moyoni ndiko yalikokuwa, Wofa. Si nimeambiwa sasa? Yale ya moyoni na ya mdomoni yanatoka pahali pamoja. Nilidhani nikiwa bubu nitabaki nayo ndani. Kumbe hata ndani nitakuwa kama pale penye mvuke. Pale nimefika. Ni pazuri kwa kupita. Sitaki kuhamia."

Mzee alikaa. Akaikunjua kanzu magotini. "Mwamsheni basi," alimwambia Dokta Laryea kwa hasira, kana kwamba daktari ndiye aliyekataa.

Siku ya upasuaji Araba alizinduka ndani ya chumba baridi, amelazwa ubavu, kichwa kimeshikwa asiweze kukigeuza, na mbele yake pazia la bluu. Hakusikia maumivu. Alisikia vyuma na sauti za watu. Dokta Ntsiful alikuwa ameketi chini ya pazia, uso kwa uso naye, akamwonyesha picha.

"Hiki?"

"Ufagio."

"Hiki?"

"Ngazi. Hii ngazi yenu haizeeki?"

Waliendelea hivyo kwa muda mrefu. Nyuma ya pazia Dokta Laryea aligusa, akauliza, akakata, akagusa. Picha zikaisha, zikarudiwa, zikachosha. Araba alianza kuzitaja kabla hazijafunuliwa.

"Amezikariri," alisema Dokta Ntsiful. "Hazina maana tena. Nataka kitu anachokitunga sasa hivi."

"Aimbe," ilisema sauti ya Dokta Laryea.

"Juu ya nini?" aliuliza Araba.

"Ni wewe unayejua."

Alifikiri kidogo. Alikuwa amelala ubavu, kichwa kimefunguliwa, na watu wengi aliokuwa hawaoni walikuwa wanamtazama ndani. Alianza kwa sauti nyembamba, kavu, ya mtu asiyenywa maji tangu jana:

"Umeniumba gizani, Bwana, hakuna aliyechungulia;
leo wamechungulia, nyumba yako hawajaimaliza—"

Na nesi wa dawa za usingizi, mwanamke wa Mankessim aliyekuwa kimya asubuhi yote na mkono wake kwenye mpira wa maji, aliitikia bila kukusudia, "Haimaliziki, haimaliziki!" Akajishika barakoa kwa aibu.

"Mwache," alisema Dokta Laryea. "Mwitikie. Endelea, Maame."

"Chumba kwa chumba wanabisha hodi,
taa mkononi, wanauliza nani ana—"

Hapo sauti ilikatika. Mdomo wa Araba ulikuwa wazi. Macho yake yalimkazia Dokta Ntsiful, makubwa, na shavu la kushoto likatikisika mara moja. Walio ng'ambo ya mto walikuwa wanapunga.

"Amekwama," alisema Dokta Ntsiful.

Umeme ukaondolewa.

"—kaa humu," alimalizia Araba, akahema.

"Hapo tena," alisema Dokta Laryea, na aliporudia, wimbo ulikatika vilevile, na alipoondoa, ukarudi. Akajaribu pembeni kidogo. Ukakatika. Akaweka alama ndogo ya karatasi. Kulikuwa na kipande cha uvimbe kilichopita chini ya alama ile, na wote chumbani walioweza kuona walikiona. Dokta Laryea alisimama ameshika chombo, viganja vyake vile vizuri vimetulia, muda wa kutosha mtu kusema Baba Yetu.

"Hiki nakiacha," alisema. "Mlazeni tena usingizi."

Wodini Araba aliamka na bandeji kubwa na uso umevimba, lakini la kwanza alilosema ni kuuliza kama kuna uji. Maneno yalikuja yakiburuta miguu siku zile za kwanza. Alitafuta jina la kijiko, akaliita "kile kidogo cha kuchotea," akakasirika. Dokta Ntsiful alimwambia ni uvimbe wa kidonda, utashuka. Ulishuka. Alimweleza pia kwamba atakunywa vidonge vyake kila siku, na atakuwa anarudi kupigwa picha, ili kile kilichoachwa wakichunge.

Wofa Bentsil aliingia saa ya kutazama wagonjwa, akasimama miguuni pa kitanda.

"Wametoa chote?"

"Hapana, Wofa. Wameacha."

"Wameacha!" Alitupa mikono. "Nimekuja Accra, nimelala kwa watu, nimekula wali wa mchana usiku, na wameacha! Kikubwa?"

"Kama ukucha."

"Ukucha unaota, Araba! Kazi ya ukucha ni kuota! Kwa nini hukuwaambia wakitoe? Si ulikuwa macho? Si ndiyo maana ya kuamshwa?"

Araba alimngoja mpaka mzee alipoishiwa pumzi.

"Wofa, kimeshikana na maneno. Wangekitoa, sasa hivi ungekuwa unagombana na nani?"

Mzee alivuta kiti, akakaa, akamwambia Ewuradwoa ampe huo uji amnyweshe Araba yeye mwenyewe.